Nguchiro na Nafasi Kumi na Mbili za Kiboko

Hodi, hodi, wenye masikio.

— Karibu, mwenye mdomo.

Nimekuja na mgeni, ana mkia.

— Mgeni apite, mkia ufuate.

Mmekaa?

— Tumekaa.

Kila mtu ana mahali pake? Basi mna bahati, shukuruni. Huyu mgeni wangu alizunguka siku mbili nzima akitafuta mahali pa kukaa, akakosa.

Hapo kale, tena si kale sana, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na chuo kikuu cha wanyama. Kilijengwa juu ya kilima, katikati yake kukawa na bwawa. Kilikuwa na maktaba, kilikuwa na kantini, kilikuwa na mabweni, kilikuwa na vimbweta, zile meza na benchi za saruji zinazojengwa nje kwenye kivuli ili watu wasomee. Tatizo lake lilikuwa moja. Wanafunzi wengi, mahali pa kukaa pachache. Siku za kawaida hakuna aliyeliona tatizo hilo, kwa sababu siku za kawaida hakuna aliyesoma. Lakini ilipofika wiki ya mitihani, hata wale ambao hawakujua kama mlango wa maktaba unasukumwa au unavutwa walianza kuulizia njia.

Mgeni wangu ni Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mwembamba, mwepesi, mdomo mdogo wenye maneno makubwa. Akitembea, ti-ti-ti-ti. Akisimama, anasimama kwa miguu miwili na kuchungulia mambo yasiyomhusu. Pale chuoni alikuwa anasomea uhandisi wa mashimo.

Na alikuwa na shida. Mwaka uliotangulia aliangukia pua kwenye hesabu, akapewa sapu, yaani arudie mtihani. Akipita, anaendelea. Akianguka tena, anadisko: jina linafutwa, anafunga virago, anarudi nyumbani kwenye kichuguu. Sasa huko nyumbani mama yake alikuwa ameshatangaza. Hakungoja mahafali. Kichuguu kizima kilikuwa kinamwita Mama Mhandisi, na mama wa watu alikuwa anaitika, tena kwa sauti. Nguchiro akifikiria siku atakayosimama mlangoni na sanduku lake, majirani wakipita na kusalimia, "Mama Mhandisi, habari za asubuhi," alifungua daftari upya. Aliogopa, sitawaficha. Mimi ningeogopa pia.

Mtasema, si asomee chumbani? Chumbani kwake walikuwa wanabebana, kitanda kimoja wanyama wawili, na wenzake wa chumbani walikuwa Kwale watatu, ndugu tumbo moja. Kwale hajui kusoma kimyakimya. Wa kwanza alikuwa akisoma historia kwa sauti, wa pili kilimo, wa tatu dini, wote kwa pamoja, kwe-kwe-kwe-kwe, tangu alfajiri. Siku moja Nguchiro alikaa pale kukokotoa eneo la shimo. Alipomaliza akasoma alichoandika. Aliandika kwamba shimo lilipata uhuru wake kwa kupandwa mahindi ya muda mfupi.

Akafunga daftari. Akabeba chupa yake ya maji na kanga yake ya kujifunga, akatoka.

Akaenda maktaba. Ti-ti-ti-ti. Karibu na dirisha palikuwa na kiti kizuri, upepo unaingia, jua haliingii. Akaangalia huku, akaangalia kule. Yupo mtu?

— Hayupo.

Kipo kitu?

— Kipo.

Kofia. Ya nani?

— Ya Kiboko.

Naam. Akatoka. Akaenda kwenye kimbweta cha chini ya mwarobaini. Ti-ti-ti-ti. Kivuli kizito, benchi safi, kimya. Akaangalia huku, akaangalia kule. Yupo mtu? Hayupo. Kipo kitu? Kipo. Kipande cha muhogo, kimeumwa mara moja. Alama za meno zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakukuwa na haja ya kuuliza cha nani.

Akaenda kantini, kwenye ile meza ya nyuma ambayo harufu ya vitunguu inafika lakini kelele hazifiki. Yupo mtu? Hayupo. Kipo kitu? Kipo. Kitana. Mtasema Kiboko hana unywele hata mmoja wa kuchana, kitana ni cha nini. Na mimi niliuliza hivyohivyo, nikaambiwa nisikilize hadithi.

Akaenda kwenye jukwaa la uwanja wa mpira, akakuta ndala ya mguu wa kulia. Kesho yake akaenda kwenye ngazi za maabara, akakuta ndala ya mguu wa kushoto. Maana mwenye akili ya kushika nafasi haweki ndala mbili mahali pamoja, anapoteza. Mwisho akaenda kwenye korido ya vyoo, mahali ambapo hakuna mtu mwenye pua zinazofanya kazi anayeweza kusoma. Akakuta mswaki.

Kofia, muhogo, kitana, ndala, mswaki na vingine sikuvitaja. Nguchiro alihesabu nafasi kumi na mbili. Wanyama wengine walikuwa wanasoma wamesimama kama wanaongoja basi. Nungunungu alikuwa anasomea juu ya mti, na Nungunungu huyu hakuwa mpandaji, kwa hiyo kila ukurasa mmoja puu, anaanguka, anapanda tena, anaanza upya.

Na Kiboko mwenyewe alikuwa wapi?

— Anasoma.

Hakusoma. Alikuwa amelala bwawani, tumbo kwenye tope, mgongo juani, khoooo... fyuuu. Khoooo... fyuuu.

Huyu Kiboko hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa mwaka wa tatu, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kuwa mwaka wa tatu. Katika serikali ya wanafunzi alikuwa Waziri wa Viti na Vivuli. Sheria ya nafasi pale chuoni aliipigania yeye. Zamani sheria ilisema ukiweka kitu chako kwenye kiti, kiti ni chako kwa saa moja. Kiboko akasimama bungeni, akasema saa moja ni ukatili, mwanafunzi anaweza kupatwa na dharura. Wakaifuta ile saa moja. Ikabaki hivi, imebandikwa kila ukuta: "Mahali popote pa kusomea palipowekewa kitu pana mwenyewe. Asipaguse mtu mpaka mwenyewe arudi." Wakampigia makofi, wakaenda zao. Mjinga si mmoja.

Basi Nguchiro akaenda bwawani. Akasimama mbali kidogo, kwa adabu.

"Kaka Kiboko, shikamoo."

"Marahaba," alisema Kiboko bila kufumbua macho. "Sema haraka, napiga msuli, nasoma."

Nguchiro akajieleza. Akasema ana sapu ya hesabu, mtihani keshokutwa saa tatu, hana pa kukaa. Akasema hataki maktaba, hataki mwarobaini. Akasema angepewa hata ile korido ya vyoo angeshukuru, mswaki angeutunza vizuri.

Kiboko akapiga mwayo. Ule mwayo ungeweza kumeza kimbweta.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi husoma kwa hisia. Sijui kesho hisia itanipeleka wapi. Ikinipeleka vyooni nikakukuta wewe umekaa, je?"

"Na hisia imekupeleka wapi wiki hii, kaka?"

"Bado haijanipeleka."

Akafunga mdomo, akalala. Khoooo... fyuuu. Na mtihani uleule wa hesabu, jamani, ndio na yeye alikuwa anaurudia, mara ya mwisho aliyoruhusiwa. Lakini alikuwa ameshika nafasi kumi na mbili, na mtu mwenye nafasi kumi na mbili huona kama ameshasoma.

Nguchiro akainamisha kichwa kuondoka. Hapo ndipo akaona kitu. Yangeyange, yule ndege mweupe mwenye miguu mirefu, alikuwa amesimama juu ya mgongo wa Kiboko. Ametulia. Anajichokonoa bawa. Akatembea mpaka mabegani, akageuka, akarudi mpaka kiunoni, kama mtu aliyeko barazani kwake. Kiboko hakutikisa hata sikio.

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. Akautazama ule mgongo. Ulikuwa mpana. Ulikuwa tambarare. Upepo wa bwawa ulikuwa unaupuliza. Kelele ilikuwa moja tu, ya kukoroma, na hiyo angalau haikuwa historia wala kilimo.

Akaenda maktaba kwa Mama Korongo.

Mama Korongo ndiye aliyekuwa mtunzaji wa maktaba na mtunzaji wa sheria. Alisimama mguu mmoja mchana kutwa, faili kwapani, na ukikohoa alikutazama mpaka kikohozi kikaomba radhi. Hakumpenda Nguchiro, hakumpenda Kiboko. Alichopenda ni karatasi.

Nguchiro akamwamkia, akamwomba amfafanulie sheria ya nafasi, maana yeye ni mgumu wa kuelewa. Akauliza, sheria imesema kitu gani hasa kiwekwe? Mama Korongo akasema haikusema, kitu ni kitu. Akauliza, imetaja maktaba na vimbweta peke yake? Mama Korongo akafungua faili, akasoma kwa kidole: mahali popote pa kusomea. Popote ni popote. Akauliza la mwisho. Je, aliyeitunga sheria akiivunja yeye mwenyewe, inakuwaje?

"Inakufa," alisema Mama Korongo. "Naifuta hapahapa, na kila kilichoshikwa kwa sheria hiyo kinaachiwa. Na punguza sauti."

Nguchiro akamshukuru kwa kunong'ona.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado jipya, akashuka bwawani. Ti-ti-ti-ti. Kiboko alikuwa palepale, khoooo... fyuuu. Nguchiro akaangalia huku, akaangalia kule. Yupo mtu? Hayupo. Kipo kitu? Hakipo, hata Yangeyange alikuwa hajafika. Akakunjua kanga yake, akaitandika juu ya mgongo wa Kiboko taratibu, pembe nne, bila mkunjo. Akaweka chupa ya maji juu ya pembe moja. Akapanda, akakaa, akafungua daftari ukurasa wa kwanza.

Akasoma. Ewe, alisoma. Mgongo ulipanda, khoooo, ukashuka, fyuuu, na yeye akapatia mapigo. Kwenye khoooo anasoma swali, kwenye fyuuu anaandika jibu. Eneo la shimo la duara. Kina cha shimo la mshazari. Idadi ya mchwa wanaoweza kupita kwenye shimo kwa dakika iwapo nusu yao wana haraka. Mambo yaliyomtesa mwaka mzima yakaanza kujipanga yenyewe.

Kobe akapita, akamwona, akauliza kama anaweza kujiunga kwa diskasheni kidogo, wajadili maswali pamoja. Nguchiro akamkaribisha. Kobe akaanza kupanda. Alipofika juu, Nguchiro alikuwa amemaliza sura tatu.

Saa sita mchana njaa ikamwamsha Kiboko. Akafumbua jicho moja. Akasikia uzito. Akasikia mtu nyuma yake akisema "zidisha kwa pai".

"Nani yuko mgongoni?" akauliza.

"Ni mimi, kaka. Na Kobe. Endelea tu kupumzika, hutusumbui."

Kiboko akaunguruma, maji yakatetemeka. Akasema washuke kabla hajajitikisa, na akijitikisa hajui kama watatua upande huu wa kilima. Sauti hiyo ilifika kantini. Wanyama wakaja, kila mmoja na daftari lake kwapani. Mama Korongo naye akaja, kwa hasira, kwa sababu ya kelele.

Nguchiro hakushuka. Alijua Kiboko akijitikisa kweli, hesabu zimeisha na yeye ameisha. Lakini akamfikiria mama yake, akabaki amekaa.

"Mama Korongo," akasema, "nimeweka kanga. Nimeweka chupa. Mimi ni mwenyewe, na nipo."

Mama Korongo akaizunguka kanga, akaitazama pembe nne. Akasema kanga ni kitu. Chupa ni kitu.

"Lakini mimi si mahali," alisema Kiboko. "Mimi ni Waziri."

"Kaka, usijishushe," alisema Nguchiro. "Chuo hiki hakina mahali pazuri pa kusomea kama wewe. Muulize Kobe."

Kobe akafikiri, akasema ni kweli, hata maktaba haina upepo kama huu. Kiboko, nawaambieni, kwa sekunde moja alifurahi. Masikio yalicheza. Kisha akakumbuka kuwa amekasirika, akavuta pumzi ya kujitikisa.

Mama Korongo akatoa kalamu. Hakupaza sauti. Akamwambia kwamba hiari ni yake, ila kanga ikianguka, itakuwa Waziri ameivunja sheria ya Waziri, na yeye ataifuta papo hapo, na nafasi zote zilizoshikwa zitaachiwa.

Kiboko akageuza macho kuwatazama wanyama. Swala alikuwa ameshainua mguu mmoja wa mbele, uso umeelekea maktaba. Ngiri alikuwa ameelekea mwarobaini. Nungunungu, aliyejaa vumbi la kuanguka, alikuwa anatazama upande wa vyoo kama anayetazama paradiso. Wote walikuwa wamevuta pumzi pamoja naye.

Kiboko akawaza. Dirisha langu. Mwarobaini wangu. Kantini yangu, jukwaa langu, ngazi zangu, korido yangu. Akahesabu mpaka kumi na mbili. Akaiachia ile pumzi taratibu, fyuuu.

"Soma, mdogo wangu," akasema. "Sheria ni sheria."

Nguchiro akasoma. Akasoma mpaka jua likaenda kuzama, akakunja daftari, akashuka. Kanga akaiacha palepale. Wapo wanaosema alisahau. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa na Nguchiro. Akamwambia Kiboko, "Kaka, nakuja sasa hivi," akaenda kula, akaenda kulala na Kwale.

Mnaijua "nakuja sasa hivi"?

— Tunaijua.

Basi Kiboko alikaa na kanga mgongoni, hajala, hajajigeuza, mpaka kukapambazuka. Saa kumi na mbili asubuhi Nguchiro huyo, ti-ti-ti-ti, amenawa uso, ana wali wa jana tumboni. Akamwamkia kaka yake kwa heshima zote, akapanda, akapitia pitia yale magumu. Ilipofika saa mbili na nusu akashuka tena.

"Nakuja sasa hivi, kaka."

Kiboko akajua anakwenda msalani. Akangoja.

Ngo, ngo, ngo. Kengele ya mtihani.

Wanyama wakamiminika kuelekea ukumbini. Mtihani wa hesabu ulikuwa wa mwisho wa muhula, ukiisha huo chuo kinafungwa. Kiboko akaona mkia wa Nguchiro ukiingia mlangoni na wenzake. Mlango ukafungwa. Bwawani akabaki yeye, kanga, chupa ya maji, na Mama Korongo kwa mguu mmoja, faili kwapani.

"Mama," alisema Kiboko, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "naomba umwite aje aondoe kanga yake. Na mimi nina mtihani uleule."

Mama Korongo akafungua faili upande mwingine, upande wa sheria za mtihani. Akamsomea. Nusu saa ya kwanza, aliye ndani haruhusiwi kutoka. Nusu saa ya kwanza ikipita, aliye nje haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo Nguchiro atakapoweza kuja, Kiboko hataweza kwenda.

Kiboko hakuielewa mara ya kwanza. Akaomba asomewe tena. Akasomewa.

"Basi niiangushe tu," akasema. "Hakuna anayeona."

"Mimi naona," alisema Mama Korongo, akatoa kalamu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mimi huchoka na Kiboko. Nusu saa nzima alikuwa nayo. Ukumbi ulikuwa pale, hatua arobaini zake. Angeinuka tu, kanga ingeteleza, angeingia, angekaa, angeandika hata jina. Zile nafasi kumi na mbili zilikuwa za kusomea mtihani huohuo unaoendelea. Saa tatu baadaye hazingekuwa na thamani ya ganda la ndizi. Nyinyi mnaliona hilo. Mtoto wa chekechea angeliona. Lakini Kiboko alikuwa anaitazama ile kalamu, na kila alipotaka kuinuka aliiona kofia yake inatupwa kutoka dirishani, anamwona Ngiri anakalia muhogo wake.

Dakika tano. Akakunja goti. Akalikunjua.

Dakika kumi na tano. Akainua kichwa. Akakirudisha.

Dakika ishirini na tisa. Akasema, "Mwarobaini wangu," akafumba macho.

Ngo. Kengele moja. Nusu saa imepita.

Mama Korongo akairudisha kalamu. Akamwambia kwamba ameishika sheria vizuri, hajawahi kumwona mtu akiishika hivyo. Akaondoka zake.

Saa sita wanyama wakatoka, wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanabishana jibu la swali la tatu. Nguchiro akashuka bwawani, akaondoa chupa, akakunja kanga yake pembe kwa pembe. Akasema, "Asante kaka kwa kunishikia." Kiboko akamuuliza mtihani ulikuwaje. Nguchiro akasema haukuwa mbaya, yale ya mchwa yalitoka. Kiboko akasema ahaa.

Majibu yalipobandikwa, Nguchiro alikuwa na C. Si A, msimkuze. C, ya kutembea nayo kifua mbele. Akapeleka habari nyumbani, na kwenye kichuguu siku ile Mama Mhandisi aliitika hata alipokuwa hajaitwa.

Kwenye jina la Kiboko waliandika: hakufika. Na chini yake wakaandika disko.

Chuo kikafungwa, wanyama wakabeba mabegi, kilima kikawa kimya. Ndipo Kiboko akatoka bwawani. Akaenda maktaba, ndi, ndi, ndi, akaondoa kofia, akakaa dirishani. Upepo ulikuwa unaingia, jua haliingii. Palikuwa pazuri kweli. Akaenda chini ya mwarobaini, akasukuma muhogo, akakaa. Akaenda kantini, imefungwa, akakaa. Jukwaani akakaa, kwenye ngazi akakaa, hata koridoni akakaa, akapiga mswaki. Nafasi zote kumi na mbili, siku moja, hakuna wa kumwambia sogea. Akatoa daftari lake la hesabu akalifungua. Lilikuwa jipya, kurasa bado zimeshikana. Akasoma ukurasa wa kwanza, akauelewa. Haukuwa mgumu hata kidogo. Akaketi pale na lile daftari mapajani, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyaona.

Tangu mwanzo nimekuwa nikimcheka, lakini hapa huwa simcheki.

Haya. Mnataka funzo? Funzo lipo, tena si langu, ni la chuo chenyewe. Muhula ulipofunguliwa, Mama Korongo alibandika tangazo kwenye mbao zote, na mimi nawapeni kama lilivyo: "Wanafunzi wote mnakumbushwa kuwahi nafasi mapema na kutoziacha kwa sababu yoyote ile. Igeni mfano wa Mheshimiwa Kiboko, aliyekaa imara mpaka mwisho." Kwa hiyo wanangu, wiki ya mitihani ikifika, shikeni kiti. Kiti kwanza, kusoma baadaye, mtihani ukipata muda. Na ole wake atakayefanya kama Nguchiro, mtu asiye na kiti hata kimoja. Amepata nini maishani? Cheti tu.

Hadithi naiacha hapo, mimi nainuka.

— Inuka salama, mwenye mdomo. Kiti chako tumekiona.